Tunapochanganya lugha, nani tunamwacha nje?



Hivi karibuni, baada ya Swala ya Isha, tulikaa watatu barazani kujadili ukarabati wa madrasa. Mimi na mwenzangu niliyesoma naye chuo kikuu tukawa tunasema: "Bajeti iko tight, lazima tu-approach donors." Wa tatu, mzee aliyetoa kiwanja chenyewe, alitusikiliza, kisha akachukua bakora yake. "Ongeeni wanangu," akasema, "mkifika kwenye Kiswahili mtaniita."

Tulicheka. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Wapo wanaosema kuchanganya lugha ni kasumba ya kikoloni, au dalili ya kutojua lugha yoyote sawasawa. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mtaalamu wa isimu Carol Myers-Scotton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1993 akitumia mazungumzo ya watu wa Nairobi, alionyesha kuwa mchanganyiko huo una kanuni zake. Tukisema "tume-decide", sarufi ni ya Kiswahili, neno ndilo la kuazima. Na Kiswahili chenyewe kimechukua kitabu na hakimu kutoka Kiarabu, na meza kutoka Kireno. Isitoshe, Qur'an (30:22) inazitaja tofauti za lugha zetu kuwa ni miongoni mwa ishara za Allah (s.w.).

Basi kosa letu lilikuwa wapi? Mtume (s.a.w.) amekataza watu wawili kunong'onezana na kumwacha wa tatu, kwani jambo hilo humhuzunisha. Imam Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ameeleza kuwa wawili kuzungumza kwa lugha asiyoielewa wa tatu kunaingia katika maana hiyo hiyo. Yule mzee alisikia sauti zetu, lakini sisi tulikuwa tunanong'ona.

Nasi walimu wa dini tujitazame. Mara ngapi tunamwaga Kiarabu darasani bila kufasiri, watu wakaondoka wanasifu elimu yetu na wao hawakuipata? Kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie (14:4).

Kwa maoni yangu, anayechanganya lugha na mwenzake anayemwelewa hana lawama. Lawama inaanza pale anapokuwepo asiyeelewa, na jambo linamhusu.

Asubuhi nilikwenda kumwomba mzee radhi, nikamsomea hesabu yote kwa Kiswahili. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na maji ya watoto kutawadhia mmeyaweka wapi?"

Hatukuwa tumeyaweka.

Wallahu a'lam.