Mvua ya Mungu, mafuriko ya nani?

Kila masika Bonde la Msimbazi linapofurika na maji kuingia majumbani Jangwani na Kigogo, neno linalotangulia ni kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Msibani neno hilo lina haki yake. Aliyefiwa na mtoto hahitaji somo la mipango miji. Lakini likitoka msibani likapanda mimbarini, likawa ndiyo maelezo ya kilichotokea, linawakinga wenye makosa. Mvua tunaweza kumwachia Mungu. Mafuriko ya Dar es Salaam hatuwezi kumsingizia, na dini zetu zenyewe zinatukataza kufanya hivyo.

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko liliibomoa Lisbon huku makanisa yakiwa yamejaa waumini. Mwanafalsafa Voltaire alihoji vipi maafa kama hayo yapatane na wema wa Mungu. Mwaka uliofuata mwanafalsafa mwenzake, Rousseau, akamjibu kwa barua kwamba kuwarundika watu katika majumba marefu mahali pamoja kulikuwa uamuzi wa binadamu, na vifo vingi vilitokana nao. Injili ya Luka inataja mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane, na Yesu anakataa katakata dhana kwamba hao walikuwa waovu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kurani nayo, aya ya 41 ya sura ya Ar-Rum, inaufungamanisha uharibifu wa bara na bahari na matendo ya watu.

Mikono ya watu inaonekana waziwazi Msimbazi. Mto huo unatoka vilima vya Pugu, unakatiza jiji na kumwaga maji baharini karibu na daraja la Selander. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 2,487,288 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hao wote wanahitaji paa, na bati halinywi maji kama ardhi yenye nyasi. Mwenye nyumba mlimani anasakafia uwanja wake wote ili gari lisikanyage tope, anaelekeza maji ya paa barabarani, na shughuli yake imeishia hapo. Wengine husubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, mkondo uondoke na kinyesi. Maji hayo hayo ndiyo yanayoingia chumbani kwa mtu wa bondeni, yakafika hadi kwenye godoro la mtoto. Hakuna kati yao aliyekusudia kuua. Hata hivyo, Desemba 2011 mafuriko yaliua watu takriban 40 jijini.

Hapo ndipo mji unapotupa mtihani wa kimaadili ambao kijiji hakikuujua. Kijijini, anayegeuza mkondo wa maji ukaharibu shamba la mwenzake anaitwa barazani, wanatazamana usoni. Mjini aliyedhuriwa yuko kilomita nyingi chini ya mteremko, na aliyemdhuru hatamjua maisha yake yote. Wako wanazuoni wa Kiislamu waliouhesabu ujirani hadi nyumba arobaini. Mto umeufikisha mbali zaidi.

Mtu atasema kuwa huku ni kuikana kadari. La. Dereva mlevi akimgonga mtu, tunaamini siku ya marehemu ilikuwa imefika, na dereva tunampeleka mahakamani vilevile. Mwingine atasema wa bondeni walijitakia, maana walionywa. Pingamizi hili ni zito kidogo, kwa kuwa kweli walionywa, na baada ya 2011 baadhi walipewa viwanja Mabwepande. Lakini Mabwepande iko mbali na soko la Kariakoo, ambako kibarua au mchuuzi hupata riziki ya siku, na kiwanja kilichopimwa karibu na mjini hakikamatiki kwa kipato chake. Bondeni alipelekwa na bei ya ardhi, na bei hiyo tumeijenga sote. Wapo pia wanaozilaumu nchi za viwanda kwa kuchafua hali ya hewa. Lawama hiyo ni ya haki, ila mvua iliyozidi inanyesha mlimani na bondeni sawasawa, na anayezama ni wa bondeni.

Dhambi iliyogawanyika kwa watu milioni haipungui kwa kugawanyika, na fungu la kila mmoja linaweza kutubiwa kwa vitendo. Misikiti na makanisa ndiyo yanayopaswa kutangulia, kwa kuwa mapaa yao ni miongoni mwa makubwa zaidi mitaani na viwanja vyao vingi vimesakafiwa ukuta hadi ukuta kwa ajili ya magari ya waumini. Kamati ya ujenzi inayochangisha fedha za mnara au kengele iweke kwanza matanki ya kukinga maji ya paa, na ibandue sehemu ya sakafu ipande miti, kabla ya masika yajayo.