Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi



Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeubeba ndiye anayejua uzito wake; anayetazama tu huuona mwepesi. Methali hii inafaa sana tunapozungumza juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi za Wakatoliki, lakini ambalo mume na mke hawalizungumzii mezani wala chumbani. Jambo lenyewe ni koili.

Akina mama wao kwa wao hulizungumza. Hunong'onezana baada ya mkutano wa jumuiya, kwenye foleni ya kliniki, njiani kutoka sokoni. Lakini ukiwauliza waume zao, wengi watakujibu, "Hayo ni mambo ya wanawake." Leo tunataka mambo hayo ya wanawake yafike masikioni mwa waume. Mbele ya altare mlikuwa mwili mmoja. Haiwezekani upande mmoja wa mwili uumie usiku kucha huku upande wa pili umelala fofofo.

Wanayosimulia akina mama

Masimulizi hayafanani, nasi tuyapokee kama yalivyo.

Mmoja husema: "Zamani siku zangu zilikuwa nne. Tangu niwekewe koili zimekuwa nane, na damu ni nyingi. Sodo hazitoshi. Nikiinuka ghafla naona kizunguzungu. Mzee analalamika kwamba siku hizi nimekuwa mvivu wa shamba." Mama huyu si mvivu. Anapoteza damu kila mwezi, na hakuna aliyemwuliza kwa nini amechoka.

Mwingine husema: "Mimi sikumwambia mtu. Tuna watoto watano, na mume wangu hataki hata kusikia habari ya kupanga uzazi. Nilienda kliniki siku ya soko. Tumbo likinisokota nasingizia chakula. Naogopa siku atakayojua."

Wa tatu husema: "Mume wangu analalamika kwamba nyuzi za koili zinamchoma. Ameniambia nikaitoe. Lakini nikimwuliza kama atakuwa tayari kusubiri siku ambazo naweza kupata mimba, ananiambia hakuoa ili asubiri. Sasa nifuate lipi?"

Wa nne husema: "Koili yangu ilitoka yenyewe bila mimi kujua. Nilikuja kufahamu nilipopata mimba."

Yuko pia wa tano, na haifai tumfiche. Yeye husema: "Mimi haijanisumbua mwilini hata siku moja. Kinachonisumbua ni moyo, hasa Jumapili wakati wa Komunyo."

Ndugu msomaji, katika masimulizi yote matano kuna jambo moja linalofanana. Mama yuko peke yake. Akiumwa, anaumwa peke yake. Akiogopa, anaogopa peke yake. Hata dhamiri yake anapambana nayo peke yake. Hapo ndipo ugonjwa wa ndoa ulipo.

Tuseme kweli juu ya koili

Kanisa halihitaji uongo ili kuutetea ukweli. Wako watu wenye nia njema wanaowatisha akina mama kwamba koili hupanda hadi moyoni, au kwamba huleta saratani ya mfuko wa uzazi. Hayo si kweli. Mama akishagundua kwamba alidanganywa katika hilo, hatatusikiliza tena hata tukimwambia lililo kweli.

Koili ni kifaa kidogo chenye umbo la herufi T, urefu wake ni kama sentimita 3 na nusu, ambacho huwekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Iko ya shaba, ambayo inaweza kukaa miaka 10 au zaidi, na iko ya homoni, ambayo hukaa miaka michache kulingana na aina yake. Huzuia mimba kwa nguvu sana: kati ya wanawake 100 wanaoitumia kwa mwaka mmoja, wanaopata mimba hawafiki hata mmoja kwa wastani. Ikitolewa, uwezo wa kuzaa hurudi mara moja.

Lakini madhara nayo yapo. Koili ya shaba mara nyingi huongeza damu ya hedhi na maumivu ya tumbo na kiuno, hasa katika miezi ya kwanza. Kwa mama ambaye tayari ana upungufu wa damu, hilo si jambo dogo. Koili ya homoni hupunguza hedhi au huikatiza kabisa. Wengine hutokwa na matone ya damu siku zisizotarajiwa, huumwa na kichwa au matiti. Koili ya aina yoyote inaweza kutoka yenyewe. Kwa nadra, karibu mara moja katika kila 1,000, inaweza kutoboa mfuko wa uzazi inapowekwa. Hatari ya kuambukizwa ugonjwa wa nyonga huongezeka kidogo katika wiki 3 za mwanzo. Na ikitokea mama apate mimba akiwa na koili, mimba hiyo ina uwezekano mkubwa kuliko kawaida wa kutunga nje ya mfuko wa uzazi, jambo linaloweza kumwua.

Historia nayo inatufundisha kuwasikiliza akina mama. Kati ya mwaka 1971 na 1974 iliuzwa nchini Marekani koili iliyoitwa Dalkon Shield. Uzi wake ulikuwa wa nyuzi nyingi ndogo zilizosokotwa pamoja, na viini vya magonjwa vilipanda kwa njia hiyo. Wanawake wengi waliugua, wengine wakapoteza uwezo wa kuzaa, na wako waliokufa. Koili za leo si kama ile. Hata hivyo, tusisahau kwamba wanawake walilalamika kwanza, na ikachukua muda kabla ya kusikilizwa.

Kanisa linafundisha nini?

Tarehe 25 Julai 1968, Papa Paulo wa Sita, ambaye tangu mwaka 2018 tunamwita Mtakatifu, alitia sahihi waraka wa Humanae Vitae. Alifundisha kwamba tendo la ndoa lina maana mbili ambazo binadamu hana ruhusa ya kuzitenganisha: kuwaunganisha mume na mke, na kuwa wazi kwa uhai. Kwa sababu hiyo Kanisa halikubali koili kuwa njia ya kuzuia mimba.

Kuna jambo lingine pia. Kazi kubwa ya koili ni kuzuia mbegu ya mume isilifikie yai. Lakini haiwezi kukanushwa kwamba mara nyingine inaweza pia kuzuia yai lililokwisha kutungwa lisijipandikize. Kwa sisi tunaoamini kwamba uhai wa mtu huanza anapotungwa mimba, hilo ni jambo zito.

Wengi wetu tunayajua hayo. Lakini waraka huohuo unasema mambo mengine ambayo waume hawayataji sana.

Unasema kwamba wanandoa, kwa sababu nzito, wanaweza kuamua kwa pamoja kutopata mtoto mwingine kwa muda, au hata kwa muda usio na kikomo. Kwa hiyo mume anayesema, "Kanisa limekataza kupanga," hajausoma. Kilichokatazwa ni baadhi ya njia, si kupanga.

Unasema pia kwamba tendo la ndoa ambalo mmoja analazimishwa, bila kujali hali yake na matakwa yake ya haki, si tendo la kweli la upendo. Na unaonya kwamba mwanamume akizoea njia za kuzuia mimba anaweza kufika mahali asijali tena afya ya mke wake, ya mwili wala ya moyo, akamfanya chombo cha kujiridhisha.

Mume mpendwa, rudi kwa yule mama wa tatu. Anaambiwa atoe koili, na hapohapo anaambiwa hatasubiriwa. Je, mume wake anaitii Humanae Vitae? Hapana. Amechukua nusu ya mafundisho, akamtwika mkewe mzigo mzima. Mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso sura ya 5, anawataka waume wawapende wake zao kwa kipimo cha Kristu aliyejitoa kwa ajili ya Kanisa. Kujitoa huko kuna siku zake kwenye kalenda. Ni zile siku ambazo mume anakubali kusubiri, na anasubiri bila kununa.

Njia ya watu wawili

Njia za asili hazifanyi kazi kwa mke peke yake. Huo ndio ugumu wake, na ndio uzuri wake pia.

Daktari John Billings alianza uchunguzi wake huko Melbourne, Australia, mwaka 1953, na baadaye alifanya kazi hiyo pamoja na mkewe, Daktari Evelyn. Katika njia yao mama huchunguza ute wa ukeni kila siku. Ute unapokuwa mwepesi, wa kuteleza na kuvutika, hizo ni siku za rutuba. Iko pia njia ya shanga, iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Inamfaa mama ambaye mzunguko wake ni wa siku 26 hadi 32. Wasiotaka mimba hujinyima kuanzia siku ya 8 hadi ya 19. Kati ya wanawake 100 wanaoifuata barabara kwa mwaka, karibu 5 hupata mimba. Wasipoifuata barabara, hufika karibu 12.

Hatufichi tofauti hiyo na ile ya koili. Njia hii inadai mafunzo, nidhamu na mazungumzo. Mlevi hawezi kuifuata. Mume anayerudi usiku akidai haki yake kwa ukali hawezi kuifuata. Lakini haimtoi mama damu, haimpeleki kliniki kwa siri, na haimwachi abebe peke yake uamuzi wa watu wawili.

Ushauri kwa walio na koili sasa

Kwanza, usijaribu kuitoa mwenyewe, wala usikubali itolewe na mtu asiye na ujuzi. Hiyo ni kazi ya muuguzi au daktari, na mara nyingi haichukui muda mrefu. Kaeni bila kukutana kwa siku 7 kabla ya kuitoa, kwa maana mbegu ya mume inaweza kuishi mwilini mwa mke siku kadhaa.

Pili, nenda hospitali bila kuchelewa ukiona dalili hizi: hedhi kuchelewa, maumivu makali chini ya tumbo, homa, uchafu wenye harufu mbaya, damu nyingi isiyokoma, kuzirai, au nyuzi za koili kutoonekana. Usione haya. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humfichua.

Tatu, kama daktari amekuwekea koili ya homoni kutibu ugonjwa, kwa mfano damu nyingi kupita kiasi, usijihukumu haraka. Kanisa halikatazi tiba ya lazima ya ugonjwa hata kama inazuia uzazi, mradi kuzuia uzazi siyo nia yenyewe. Ongea na daktari wako kama ipo tiba nyingine, kisha uongee na padre wako.

Nne, jifunzeni njia ya asili nyote wawili kabla ya koili kutolewa. Ulizeni parokiani au katika hospitali ya Kikatoliki iliyo karibu nanyi. Mume asimtume mke akamwakilishe.

Tano, kwa wewe ambaye hukumwambia mume wako: tunajua kwamba katika nyumba nyingine kusema kunaweza kuleta kipigo. Usianze peke yako. Tafuta wanandoa wa kuaminika, wasimamizi wenu wa ndoa au padre, wakae nanyi. Na wewe mume, ukija kuambiwa, kabla hujauliza "Kwa nini ulinificha?", jiulize ni kitu gani ndani yako kilichomfanya aogope kukueleza.

Sita, kwa wewe ambaye moyo wako ni mzito wakati wa Komunyo: nenda kwenye Sakramenti ya Kitubio. Papa Paulo aliwaandikia wanandoa wasikate tamaa wanapoanguka, bali waikimbilie huruma ya Mungu kwa unyenyekevu. Padre hakungoji kwa fimbo.

Wapendwa, Wagalatia sura ya 6 inatufundisha kwamba tunaitimiza sheria ya Kristu tunapochukuliana mizigo. Basi leo jioni, watoto wakishalala, mume amwulize mkewe swali moja: "Mwili wako unaendeleaje?" Kisha anyamaze, asikilize hadi mwisho. Labda atasikia mambo yaliyofichwa miaka mingi. Asijitetee na asikasirike. Aweke bega lake chini ya mzigo huo, aone kama kweli ni usufi.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Mungu awabariki.