Kivuli Tayani

Mtoto anayetaka kufungwa nyaya za kunyoosha meno hupigwa kwanza eksirei ya taya zima. Mara nyingine picha huonyesha doa jeusi la mviringo kwenye ncha ya mzizi wa gego dogo la chini. Huenda ni usaha unaokula mfupa. Huenda ni tundu la kidevu tu, mlango wa mshipa wa fahamu uendao mdomoni, ambao kila mtu anao kulia na kushoto. Picha ni bapa, hulundika cha mbele na cha nyuma pahala pamoja. Ikipigwa tena kwa pembe nyingine, tundu husogea mbali na mzizi ilhali jipu hubaki palepale, na jino likishtuka kwa baridi, basi li hai. Uchunguzi huo mdogo unabeba swali kubwa: ni nini hasa kinachoigeuza tofauti ya mwili kuwa kasoro?

Wengi hujibu kwa kuhesabu: walicho nacho wengi ndicho cha kawaida. Kinywa chenyewe kinakanusha. Kuoza kwa meno kumeenea duniani kuliko karibu maradhi yote, na hakuna anayekuita afya. Kwa upande wa pili, mwaka 1942 Stafne, daktari wa meno wa Marekani, alieleza mashimo ya mfupa karibu na pembe ya taya la chini. Ni nadra, yanatisha kwenye picha, na mengi yana kipande cha tezi ya mate tu. Hayahitaji tiba. Georges Canguilhem, Mfaransa aliyekuwa daktari na mwanafalsafa, alishasema mwaka 1943 kwamba wastani hauwezi kutuambia nani mgonjwa. Mgonjwa ni yule ambaye uwezo wake wa kuishi katika mazingira yake umefinywa. Nakubaliana naye.

Atapinga mtu: daktari akizoea kusema “ni maumbile tu”, siku moja uvimbe wa kweli utampita. Hofu hiyo ni ya haki, lakini inachotaka ni uangalizi, nayo haitoi hukumu. Unadra ni sababu ya kutazama mara ya pili. Pingamizi gumu zaidi ni la mfereji wa mshipa uliogawanyika mara mbili ndani ya taya. Mwenyewe anaweza kuzeeka nao bila kujua, mpaka siku ya kung'olewa gego, sindano ya ganzi inapopigwa na maumivu yasikome. Je, sasa ni kasoro? Mfereji haukubadilika, kilichobadilika ni kwamba mkono wa tabibu umeingia ukitarajia njia moja. Hapo cha kurekebisha ni matarajio ya tabibu.

Basi nyaya za nini? Zina kazi pale meno yanapozuia kutafuna au kumtesa mwenyewe, hata kwa haya. Tuhadhari tu na vipimo vya taya. Vile alivyochapisha Downs, daktari wa kunyoosha meno, mwaka 1948, vikatumika sana, vilitoka kwa vijana 20 wazungu wa Marekani waliochaguliwa kwa meno yao mazuri. Na mwanya, ambao huku Pwani ni urembo, kwingine huzibwa kwa gharama. Mzazi akiambiwa taya la mwanawe halijafikia kipimo, ana haki ya kuuliza kipimo hicho kilichukuliwa kwa akina nani, kisha mtoto aulizwe kama chakula kinamshinda.