Mkono Usiopiga



Vijana wapendwa, leo naomba niwasimulie habari za mbwa. Msicheke, subirini kidogo.

Nikiwa kwenye mwaka wa uchungaji, parokiani tuliletewa mbwa anaitwa Simba. Jina simba, ila mwenyewe mwoga ajabu. Alikotoka alifungwa mnyororo usiku na mchana, akipigwa fimbo na mawe. Ukiinua mkono hata kujikuna kichwa tu, anafyata mkia na kukimbilia nyuma ya tanki la maji. Kazi ya kumlisha nikapewa mimi.

Siku ya kwanza nikamwendea moja kwa moja, namwita kwa sauti, nimemkazia macho. Akajikojolea. Mlinzi wetu, mzee aliyefuga mbwa miaka mingi, akaniambia, "Frateri, usimfuate. Mwache akufuate yeye."

Akanifundisha. Unachuchumaa mbali, unampa ubavu, humwangalii machoni. Unamrushia dagaa, unanyamaza. Kesho unawaangusha karibu na wewe kidogo. Humshiki kichwani, maana kwake mkono unaotoka juu ndiyo fimbo. Unaushusha chini, anunuse mwenyewe, ndipo unamgusa kifuani. Dakika tano, basi. Saa ile ile, sauti ile ile, kila siku. Akitaka kurudi nyuma, mwache arudi.

Wiki ya tatu alikula mkononi mwangu. Aisee, nilifurahi! Halafu nikaharibu. Jioni moja nimechoka, nikamkuta ameirarua kanzu yangu iliyokuwa kwenye kamba. Nikafoka, nikaokota jiwe. Sikulirusha, lakini ilitosha. Tukaanza upya, nyuma ya tanki la maji.

Usiku ule, mbele ya Ekaristi, nilijikumbuka. Nikiwa kidato cha pili nilifokewa kwenye kitubio mpaka walioko kwenye foleni wakasikia. Nilikaa karibu miaka miwili bila kuungama. Misa nilienda, kwaya niliimba, ila muda wa kitubio ukifika, simwonekani. Kumbe na mimi nilikuwa na tanki langu la maji.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatofautisha hofu ya mtumwa na hofu ya mwana. Mtumwa anaogopa kuadhibiwa. Mwana anaogopa kumkosea anayempenda na kutengana naye. Fimbo inaweza kukupa ile ya kwanza. Ya pili haiji kwa kipigo. Ndiyo maana Mtakatifu Yohane Bosco, alipoandika mwaka 1877 juu ya malezi ya vijana wake wa Turin, aliyajenga juu ya akili, dini na upendo.

Sasa mtazame Yesu ufukweni (Yn 21). Petro amemkana mara tatu. Yesu hamkimbizi. Anasimama pwani, anawasha makaa, anaweka samaki na mkate. Petro mwenyewe anajitupa majini kumfuata. Kwanza wanakula. Kisha linakuja swali, nalo si "Kwa nini ulinikana?" Anamuuliza kama anampenda.

Ila tuelewane: upole si kulegea. Mzee yule alimfundisha Simba kukaa, kungoja, kutokimbiza kuku. Na Petro alikabidhiwa kundi zima la kondoo. Lakini imani ilitangulia, amri ikafuata.

Basi wiki hii, mambo mawili. Kama kuna mahali umejificha na Mungu, toka hatua moja. Nenda kitubio, na neno lako la kwanza liwe hili: "Padre, naogopa." Hilo nalo ni ungamo. Mimi nilianza hivyo hivyo.

Na kama wewe ndiye mwenye jiwe, kwa mdogo wako, kwa dada wa kazi nyumbani, hata kwa mbwa wa jirani, liangushe. Katekisimu (na. 2418) inasema wazi kuwa kutesa wanyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe.

Simba bado anakimbia ukiinua ufagio. Ila siku hizi anarudi mwenyewe, bila kuitwa.

Tuombe: Bwana Yesu, mkono wako una alama za misumari, hauna fimbo. Utupe moyo wa kuusogelea. Amina.

Wenu katika Kristo,
Frateri