Inuka Ukaketi!

Ndugu yangu, unajua! Unapokesha macho kodo hadi adhana ya alfajiri, unajua. Unapomkaripia mtoto asiye na kosa, unajua. Chakula kinapokataa kupita kooni, unajua!

Na bado unasema, "Ni uchovu tu, kesho nitakuwa sawa." Kesho ipi? Ile uliyoiahidi kabla ya mfungo? Ile ya mwaka jana?

Usiichezee kesho! Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili huko Zimbabwe, alikuwa na mgonjwa, binti wa watu. Walikubaliana aletwe baada ya wiki moja. Hakuonekana. Alikwisha kujiua. Mama mtu akaeleza kilichowakwamisha: nauli ya basi. Nauli!

Daktari yule hakuishia kulia. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, aliwakusanya mabibi 14 wa mtaani, akawafunza, akawaketisha kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Ndiyo mwanzo wa shirika la Friendship Bench, na benchi lake limekwishafika hata Zanzibar.

Unaogopa nini basi? Bibi hana koti jeupe! Anakuuliza maswali ya ndiyo na hapana: umekosa usingizi? umelia? umewaza kufa? Kisha anakuacha useme, ulie, utue mzigo. Matatizo yako yote mnayataja, mnachagua moja, moja tu, mnatafuta la kufanya wiki hii. Ukirudi, anakuuliza limefikia wapi.

Utasema hayo ni maongezi ya barazani. Hata mimi ningebeza! Lakini yalipimwa, na matokeo yakachapishwa 2016: watu 573, miezi sita. Waliohudumiwa kwa kawaida, nusu yao walibaki na dalili za sonona. Walioketi na bibi, karibu 14 tu katika kila 100.

Basi geuka! Geuka ungali na nguvu za kutembea. Nenda zahanati, sema, usifiche!

Na kama umeanza kuwaza kifo, usilale peke yako usiku wa leo! Gonga mlango wa jirani, mwamshe, mwambie waziwazi: "Nataka kujiua, nipeleke hospitali." Utaona aibu? Nenda nayo hivyo hivyo! Huna nauli? Mwambie na hilo!