Vijana Waliokufa na Mnara wa Siloamu

Soma Luka 13:1–5 kabla ya kuendelea.

Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato walipokuwa wakitoa dhabihu zao. Yesu alijua walichokuwa wakiwaza, kwamba marehemu wale walikuwa wenye dhambi kuliko wengine, naye akalikataa wazo hilo. Kisha akaongeza tukio ambalo hawakumwuliza, la watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akatoa jibu lile lile. Mwishowe akawageukia walio hai na kuwaita watubu.

Wazo la watu wale lingalipo hata leo, nalo huonekana hasa anapokufa kijana. Mzee akifa, tunasema siku zake zimetimia. Kijana wa miaka 25 akifa, watu hutafuta sababu, na mara nyingi sababu inayotafutwa ni kosa lake. Je, kifo cha kijana ni hukumu juu yake? Tulipime swali hili kwa njia isiyo ya kawaida katika Shule ya Sabato: kwa kulinganisha viwango vya vifo vya vijana, miaka iliyopita na miaka hii.

Kwanza tuelewane maana ya kiwango. Idadi peke yake inaweza kudanganya. Chukua mfano wa kijiji chenye vijana 1,000, ambamo katika mwaka mmoja walikufa 10. Miaka 30 baadaye kijiji hicho kina vijana 3,000, na wanakufa 15. Makaburi mapya ni mengi zaidi, lakini hatari imepungua, kutoka vijana 10 hadi 5 katika kila 1,000. Tena ni lazima tulinganishe rika na rika. Kijiji chenye wazee wengi kitakuwa na misiba mingi hata kama vijana wake ni wazima.

Katika jamii nyingi vifo huwa vingi miaka ya kwanza ya utoto, hushuka sana katika umri wa miaka 10 hadi 14, kisha hupanda polepole kuelekea uzeeni. Ukichora mchoro wake, ujana uko karibu na chini ya bonde. Kuanzia miaka ya 1980, katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kusini, mahali penye bonde pakainuka mlima. Nchini Tanzania wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Waliokufa wengi walikuwa katika umri wa kuoa, kuolewa na kulea. Wazazi wakazika watoto wao, na mabibi wakaanza upya kulea, safari hii wajukuu.

Mitaani watu walisema fulani “amekanyaga miwaya.” Usemi huo ulibeba hukumu ndani yake, kwa maana aliyekanyaga waya amekanyaga mwenyewe. Kwenye misiba mingi jina la ugonjwa halikutajwa, lakini kila mtu alikuwa amekwisha kukata shauri kuhusu marehemu.

Sasa tazama kilichofuata. Duniani kote vifo vitokanavyo na UKIMWI vilifikia kilele mwaka 2004, karibu milioni 2 kwa mwaka. Mwaka 2023 vilikuwa kama 630,000. Katika eneo moja la vijijini kaskazini mwa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako watafiti hufuatilia vifo nyumba kwa nyumba, mtu mzima mwaka 2003 angetarajia kufikia wastani wa miaka 49. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa huko mwaka 2004. Kufikia mwaka 2011, wastani huo ulikuwa umefika miaka 60.

Je, vijana wa mwaka 2011 walikuwa watakatifu kuliko wale wa mwaka 2003? Hakuna atakayethubutu kusema hivyo. Ni kweli kwamba katika nchi kadhaa mwenendo ulibadilika na maambukizi mapya yakapungua, na jambo hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini wengi walioacha kufa walikuwa tayari wana virusi. Kilichowaokoa ni vidonge vilivyofika kwenye zahanati iliyo karibu nao.

Kuna jambo zito zaidi. Muungano wa dawa unaozuia virusi ulijulikana tangu mwaka 1996. Katika Ulaya na Marekani vifo vikaanza kushuka upesi. Kwetu havikushuka, kwa sababu mwaka 2000 matibabu ya mgonjwa mmoja yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuyatoa kwa dola 350. Tanzania ilianza kutoa dawa hizo bure mwaka 2004. Hesabu basi miaka hiyo minane. Vijana wawili wenye ugonjwa mmoja, mmoja yuko Chicago na mwingine Bukoba. Wa kwanza akaishi, wa pili akazikwa. Tukisema kifo kile kilikuwa hukumu ya Mungu, itatubidi tuseme pia kwamba Mungu huhukumu kwa kufuata bei ya dawa. Huyo si Mungu tunayemsoma katika Maandiko.

Mwanafunzi makini atauliza: Je, Wagalatia 6:7 haisemi kwamba mtu huvuna alichopanda? Inasema, nasi tunaiamini. Mwenendo una matokeo, na mafundisho yetu juu ya usafi wa maisha, ulevi na utunzaji wa mwili kama hekalu yanabaki pale pale. Lakini kanuni ya kupanda na kuvuna imetolewa ili kumwonya aliye hai kabla hajapanda. Haikutolewa ili tusimame kaburini na kusoma makosa ya marehemu kwa kuangalia namna alivyokufa. Katika miaka ile alikufa mke mwaminifu aliyeambukizwa na mumewe, na alikufa mtoto aliyezaliwa na virusi. Wakati huo huo wengi waliopanda mabaya walifikia uzee wao kwa amani. Yeremia aliliona jambo hili akamlalamikia Mungu waziwazi (Yeremia 12:1). Hukumu yenyewe amekabidhiwa Kristo (Yohana 5:22), naye ana siku yake.

Kwa hiyo kulinganisha viwango kunatuondolea haki ya kuwahukumu waliokufa. Hapo hapo kunatuwekea wajibu ambao huenda tusiupende. Kama kiwango kinaweza kushuka kwa mikono ya wanadamu, basi sehemu ya vifo vilivyotangulia ingeweza kuzuiwa na mikono hiyo hiyo. Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu aliagiza kila ajengaye nyumba aweke kizuizi kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria haimwulizi aliyeanguka kama alikuwa mzembe au amelewa. Inamwuliza mwenye nyumba kama alijenga kizuizi.

Dari za siku zetu ni zipi? Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kofia ngumu iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya kifo kwa mpanda pikipiki kwa zaidi ya theluthi moja. Hata hivyo washiriki hupanda bodaboda kwenda ibadani bila kofia, watatu kwa pikipiki moja, na hakuna anayesema neno. Kujiua nako ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana, lakini kijana anayesema amechoka kuishi huambiwa aongeze imani, kisha anaachwa peke yake. Tena bado wapo wanaomshauri mwenye virusi aache dawa kwa kuwa ameombewa. Afanyaye hivyo anabomoa kizuizi kilichokwisha kujengwa. Tuombe kwa ajili ya mgonjwa, na dawa zake azimeze kwa wakati.

Neno la mwisho ni kwa waliofiwa. Mama aliyezika binti yake mwaka 1999 hafarijiki akiambiwa kwamba viwango vimeshuka, na hatupaswi kumtaka afarijike kwa hilo. Takwimu husaidia kujua zahanati ijengwe wapi. Haziwezi kumrudisha mtu. Katika Luka 15:4–7 mchungaji alikuwa na kondoo 99 kati ya 100. Kwa hesabu zetu hayo ni mafanikio makubwa, lakini yeye alitoka kumtafuta mmoja. Ndivyo Mungu anavyowahesabu vijana wetu. Binti yule amelala, hajui neno lolote (Mhubiri 9:5), na aliyemwita Lazaro kwa jina lake anajua pia jina la binti huyo (Yohana 11:43, 1 Wathesalonike 4:16). Mpaka asubuhi ile ifike, tumwache yeye mikononi mwa Mwokozi, nasi tujenge vizuizi kwa ajili ya walio hai.

Maswali ya Kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kumwonya kijana aliye hai na kumhukumu aliyekufa? Mahubiri ya mazishi katika kanisa lenu huifuata tofauti hiyo?

2. Ukisoma Kumbukumbu la Torati 22:8, taja “dari” moja katika mtaa wenu isiyo na kizuizi. Darasa lenu linaweza kufanya nini kabla robo hii haijaisha?

3. Kijana mwenye virusi akija kanisani kwenu Sabato ijayo, atasikia nini kitakachomsaidia kuendelea na dawa zake na kuendelea na imani yake?