Kijana Aliyesomea Muziki Atakula Nini?



Kila mwaka vyuo vinapofungwa na vijana wetu kurudi hapa Kihesa na vyeti vyao, kuna swali ambalo kila mmoja huulizwa hata kabla hajaketi: sasa utafanya kazi gani? Aliyesomea uuguzi ana jibu. Aliyesomea hesabu za biashara naye ana jibu, hata kama kazi yenyewe haijapatikana. Lakini aliyesomea muziki akijibu, watu hutazamana. Kisha humwuliza tena, kana kwamba hawakusikia vizuri: ndiyo, muziki, lakini kazi je?

Tumeona yafaa kulitafakari jambo hili, kwa maana si la kijana peke yake. Ndani ya swali hilo mna maswali mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni la tumbo: je, kazi hii itamlisha? La pili ni la haki: je, ni halali kijana aliyesomeshwa kwa jasho la wazee wake achague kazi yenye kipato cha mashaka, kwa sababu tu anaipenda?

Tuanze na wazazi, maana hofu yao si ya kudharauliwa. Mzazi aliyeuza magunia ya mahindi ili mwanawe asome bado ana watoto wengine wanaongoja zamu yao. Katika nyumba zetu mtoto aliyetangulia kusoma ni ngazi ya wale wanaomfuata. Kijana akisema anafuata kipaji chake, akaisahau ngazi hiyo, amesahau pia kwamba kipaji chenyewe kililelewa kwa ugali wa wengine. Hapo mzazi ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, anayeuliza hana budi kusikiliza jibu, na jibu lipo.

Muziki husomewa katika nchi hii kwa bidii ile ile ya masomo mengine. Wako wanaochukua shahada katika chuo kikuu cha Walutheri kule Makumira, karibu na Arusha, na wengine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bagamoyo kipo chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Wanaotoka huko hawaendi njia moja. Wengine hufundisha shuleni. Wengine hujiunga na bendi za matarumbeta za polisi au za jeshi, ambako mpigaji ni askari mwenye mshahara wake. Wako wanaorekodi nyimbo studio, wanaopiga katika hoteli za Zanzibar, na wanaofundisha watoto wa watu kinanda majumbani. Walio wengi hushika mbili au tatu kwa pamoja.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi ni kweli. Lakini tukumbuke kwamba Mtume Paulo alishona mahema kule Korintho pamoja na Akila na Prisila, wala Injili haikumponyoka. Kula kwa kazi moja na kutumika kwa nyingine si aibu, mradi hakuna inayofanywa kwa hila.

Hapa tunafika kwenye ushauri mmoja unaotolewa kwa wepesi mno: "Basi awe mwalimu tu." Sisi tuliofunzwa kazi katika chuo cha ualimu, tukashika chaki hadi kustaafu, neno hilo "tu" hatulipendi. Mtoto wa darasa la tatu hutambua upesi kama mwalimu aliyesimama mbele yake amekuja kwake au amekuja kujikinga mvua. Mtoto huyo hatarudia darasa la tatu kwa sababu mwalimu wake alikuwa akingojea kazi nyingine. Ni kweli wapo walioingia ualimu kwa dhiki, wakajifunza kuupenda wakiwa kazini, na hao tunawaheshimu. Lakini anayeuona ualimu kuwa adhabu ya kukosa bahati, na hana nia ya kubadili moyo, ni heri afuge kuku mchana na kupiga kinanda jioni. Kuku hawadhuriki sana kwa kutopendwa.

Anayemfurahia mtoto anapoigundua sauti yake mwenyewe, huyo aingie darasani kwa heri, wala asidhani amekizika kipaji chake. Wimbo wetu wa taifa ni ushuhuda. Sauti ya "Mungu Ibariki Afrika", tunayoiimba tangu uhuru wa mwaka 1961, ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Alikuwa mwongoza kwaya, alitunga nyimbo kwa ajili ya wanafunzi wake, na alifanya pia kazi ya kupiga picha. Alifariki mwaka 1905 angali kijana. Kaburi lake halikujulikana kwa miaka mingi, hadi lilipotafutwa na kutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa la Afrika Kusini mwaka 1996. Darasa halikumnyima muziki wake. Heshima ndiyo iliyochelewa.

Na hilo la heshima kuchelewa ndilo kiini cha maneno yetu. Watu husema muziki haulishi, kana kwamba wanasema juu ya udongo usioota mahindi. Lakini muziki si udongo. Muziki haulishi pale ambapo wanaousikiliza wameamua kutomlisha mpigaji. Arusi ikifanyika, mpishi hulipwa, mwenye viti na maturubai hulipwa, mpiga picha huchukua malipo ya kwanza kabla ya siku yenyewe. Mwalimu wa kwaya, aliyefundisha sauti nne jioni kwa jioni, hupewa soda na asante ndefu. Kisha wale wale waliokula arusi hiyo humwonya mtoto wao kwamba muziki hauna faida.

Maandiko yana habari hiyo hiyo. Katika Nyakati ya Kwanza tunasoma kwamba Daudi aliweka waimbaji 288 waliofundishwa kazi yao, na kwamba waimbaji hawakupewa kazi nyingine, maana yao ilikuwa ya mchana na usiku. Lakini katika sura ya mwisho ya Nehemia mambo yameharibika. Walawi na waimbaji wameiacha nyumba ya Mungu, kila mtu amekimbilia shamba lake, kwa sababu mafungu yao hawakupewa. Tuangalie vema Nehemia aliwakemea akina nani. Hakuwakemea waimbaji kwa kukosa imani. Aliwakemea wakuu.

Wala shida hii si ya Yerusalemu peke yake. Johann Sebastian Bach, ambaye muziki wake unapigwa makanisani duniani kote, aliongoza muziki wa makanisa ya Leipzig, Ujerumani, tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake akilalamika kwamba sehemu ya kipato chake hutokana na mazishi, hivyo hewa ya mji ikiwa njema na watu wakiwa wazima, mfuko wake hupungua. Twaweza kucheka, lakini tujiulize ni haki gani inayomfanya mtu mwema atazame afya ya jirani zake na kuona hasara.

Wapo watakaotujibu kwamba kumwimbia Mungu ni sadaka, na sadaka haina bei. Jibu hilo lina ukweli, na tunalikubali nusu. Mwanakwaya mwenye duka lake sokoni anapotoa jioni zake mbili kwa mazoezi, ametoa sadaka njema. Lakini sadaka hutolewa na mwenye mali kwa hiari yake. Mtu akiamuliwa na wengine kwamba kazi yake ndiyo sadaka, naye ndiyo kazi pekee aliyo nayo, huyo hajatoa, amechukuliwa. Fundi aliyeezeka paa la kanisa hatukumwambia kwamba misumari na siku zake ni sadaka. Yeye mwenyewe akipenda kupunguza, tunamshukuru.

Ndivyo ilivyo kwa watunzi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote, na warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo nyimbo hunakiliwa kutoka simu hadi simu, na mara nyingi jina la mtunzi halitajwi. Asiyethubutu kuchuma nyanya katika bustani ya jirani huuchukua wimbo wa jirani bila kusita, kwa kuwa hakuona tuta wala ua.

Basi tumshauri nini kijana wetu? Kwanza, aseme na wazazi wake kwa hesabu, si kwa ndoto: atapata wapi fedha za mwaka wa kwanza, naye atamsaidia mdogo wake kwa kitu gani, hata kiwe kidogo. Pili, asione haya kutaja ujira wake kabla ya kazi. Anayenyamaza kwa adabu kisha akanung'unika baadaye hajamtendea haki yeyote. Tatu, aendelee kujifunza, maana anayedai malipo ya fundi hana budi kupiga kama fundi.

Wazazi nao wampe muda uliopimwa, miaka miwili au mitatu, kama wanavyompa mwana aliyefungua duka. Hakuna anayelifunga duka la mwanawe kwa sababu mwezi wa kwanza wateja walikuwa wachache.

Na sisi waumini wa mtaa tuna sehemu yetu, maana wahenga walikwisha sema mcheza kwao hutunzwa. Nehemia hakuishia kukemea. Aliwaweka watu waaminifu juu ya ghala, ili kila mmoja agawiwe fungu lake. Halmashauri ya mtaa yaweza kufanya hivyo hivyo kwa kuandika katika makisio ya mwaka fungu la mwalimu wa kwaya, likajulikana kiasi chake na tarehe ya kulipwa, na kwa kuwaeleza wenye arusi mapema kwamba kinanda kina mpigaji na mpigaji ana nyumba. Fungu hilo laweza kuwa dogo. Dogo linalotolewa kwa wakati humwezesha mtu kupanga maisha yake, kuliko kubwa linaloahidiwa. Mavuno yatakapoletwa kanisani mwaka huu, tuyapokee kwa nyimbo, na kabla magunia hayajapelekwa stoo tukumbuke aliyetufundisha kuziimba.